Kabla ya kupandisha sola paani: Vibali vinavyohitajika Migori na Homa Bay

MWENYE nyumba mjini Rongo au Mbita akiamua kuweka paneli za sola paani, swali lake la kwanza aghalabu huwa bei. Swali la pili wengi hulisahau hadi afisa wa kaunti abishe mlango: Je, kibali kinahitajika, na hutolewa na nani?

Jibu halimo katika sheria moja. Limegawanyika baina ya serikali ya kaunti, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, Epra, na kampuni ya Kenya Power.

Tuanze na kaunti. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inakataza mtu kustawisha ardhi bila idhini ya waziri wa kaunti anayehusika. Kustawisha, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni kufanya kazi yoyote juu ya ardhi au kubadilisha pakubwa matumizi ya ardhi au jengo.

Huko England, kanuni husema waziwazi kwamba paneli za paa la nyumba ya kawaida hazihitaji kibali cha mipango mradi zisijitokeze zaidi ya milimita 200. Sheria yetu ya 2019 haina kipimo kama hicho.

Kwa hivyo yafaa kutofautisha. Paneli mbili tatu zilizolazwa juu ya mabati yaliyopo hazigeuzi jengo wala matumizi yake. Lakini anayesimamisha jukwaa la chuma uani, anayeunda paa upya ili lihimili uzani, au anayejenga nyumba mpya, ameingia katika ujenzi. Huyo apeleke michoro katika afisi ya mipango ya kaunti kabla ya kumwita fundi, na paneli zionyeshwe humo.

Anayepuuza anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Hata hivyo, mwombaji naye ana haki. Asipojibiwa kwa maandishi katika muda wa siku 60, huhesabiwa kuwa ameruhusiwa. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango. Ndiyo maana nakala ya ombi iliyopigwa muhuri na kutiwa tarehe haifai kupotea.

Pili ni fundi. Kanuni za mwaka 2012 zilileta leseni kwa wanaofunga mitambo ya sola, na Epra ndiyo huzitoa. Leseni ya T1 ni ya mfumo mdogo wa betri moja usiozidi wati 100. T2 ni ya mifumo ya wastani. T3 ni ya mikubwa, ikiwemo ile iliyounganishwa na gridi. Mwenye nyumba asione haya kuiomba leseni aisome.

Tahadhari hiyo si urasimu mtupu. Paneli moja kubwa huwa na uzani wa zaidi ya kilo 20, na upepo ukipenya chini yake huivuta juu pamoja na bati. Ni sharti ishikizwe kwenye mbao za paa, si kwenye bati pekee. Isitoshe, eneo la Ziwa Victoria hupigwa na radi mara nyingi, hivyo waya wa kupeleka umeme ardhini ni wa lazima.

Tatu ni Kenya Power. Asiyeunganishwa na gridi hahusiki. Anayetaka kuiuzia kampuni hiyo ziada ya umeme wake kwa njia ya kufidiwa katika bili, kama zinavyoruhusu kanuni za mwaka 2024, sharti atie saini mkataba kwanza. Sababu ni uhai: stima ikikatika, mtambo usiojizima waweza kurudisha umeme katika nyaya ambazo fundi anazishika akiamini zimezimwa.

Risiti, nambari ya leseni ya fundi na ombi lenye muhuri viwekwe pamoja na hati za nyumba. Siku ya mzozo, hivyo ndivyo vitakavyomtetea mwenyewe.