Sigara Moja Mkononi mwa Mtoto: Sheria ya Tumbaku na Wajibu wa Parokia



Baba anampa mtoto wa darasa la nne sarafu na kumtuma dukani. Mtoto anarudi na sigara moja na kiberiti. Wengi wetu tumekua tukiona jambo hili kuwa la kawaida. Hata hivyo, nchini Kenya mwenye duka huyo amevunja sheria mara mbili: amemuuzia mtoto, na ameuza sigara nje ya pakiti. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona vema kueleza sheria hiyo kwa kamati za parokia.

Sheria inasema nini?

Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004. Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika Julai 2008. Kwa ufupi, sheria hiyo inakataza:

- kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18;
- kuuza sigara moja moja, au pakiti yenye sigara chini ya 10;
- kuuza peremende na vichezeo vyenye umbo la sigara;
- kuvuta sigara mahali pa umma, zikiwemo ofisi, hospitali, shule, magari ya abiria na nyumba za ibada.

Anayevuta mahali palipokatazwa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili.

Kwa nini sigara moja?

Mtoto hana fedha za pakiti nzima, lakini shilingi chache hazimshindi. Tena, picha za onyo zilizoanza kutumika Septemba 2016 ziko kwenye pakiti. Anayenunua sigara moja haoni onyo lolote. Kanuni za mwaka 2014 zilizoleta picha hizo zilipingwa mahakamani na kampuni ya British American Tobacco Kenya, mpaka Mahakama ya Upeo ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019. Ushindi huo hauna faida kijijini ikiwa pakiti inafunguliwa nyuma ya kaunta.

Bidhaa mpya

Sheria ya 2007 iliandikwa kabla sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini kuenea nchini. Vifuko hivyo huwekwa chini ya mdomo, havitoi moshi wala harufu ya sigara, na mzazi anaweza kudhani ni peremende. Lakini nikotini ni ileile: humfanya mtu awe mtumwa wake, na hudhuru ubongo wa kijana ambao bado unakua. Oktoba 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, aliandika kwamba vifuko hivyo vilisajiliwa kinyume cha sheria. Mwaka 2024 muswada wa kuirekebisha sheria, ili iguse pia bidhaa hizi mpya, uliwasilishwa katika Seneti.

Kamati ifanye nini?

Kwanza, wazazi waache kuwatuma watoto sigara. Jambo hili lizungumzwe katika jumuiya ndogo ndogo.

Pili, wenye maduka watembelewe. Wengi ni waumini wenzetu, na faida ya sigara moja moja huwasaidia kulipa karo. Tuwaendee kama ndugu. Asiyesikia baada ya kuonywa, afisa wa afya ya umma aarifiwe.

Tatu, ukumbi wa parokia uwekwe tangazo la kukataza uvutaji, hata siku za arusi.

Nne, viongozi wa vijana wavijue vifaa hivi vipya kwa sura na majina yake ya mtaani.

Kwa wafadhili wetu: mnapochangia semina za vijana, mnasaidia sheria itoke kwenye karatasi na kufika kwenye kioski kilicho karibu na lango la shule.

Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, nao wa mtoto tumekabidhiwa sisi tuutunze. Mungu awabariki.