Keria ya Pikapu na Chumvi ya Bahari

Hapa Port Reitz pikapu ni riziki ya nyumba kadhaa: hubeba mbao, makuti na magodoro ya wanaohama. Wapo baba na vijana wanaojichomelea keria wenyewe uani, kwa mabomba ya chuma ya mraba. Ni kazi njema. Lakini tunaishi kando ya ghuba, upepo wetu una chumvi, na kutu haingoji.

Hivyo basi, umaliziaji usidharauliwe. Kila mshono ugongwe magaga, usuguliwe kwa brashi ya waya na msasa. Chuma kipanguswe vumbi na mafuta, kisha kipakwe praima siku iyo hiyo, kabla ya umande wa usiku. Rangi ya mafuta ifuate mara mbili. Ncha za mabomba zizibwe, kwani kutu ya ndani hula chuma hali rangi ya nje ingali yang'ara. Keria ifungwe kwa bolti, ipate kufunguliwa na kukaguliwa.

Twayasema haya kwa akina mama pia, ambao watoto wao hupita njia moja na mizigo hiyo. Mshono ulioliwa ukikatika, ubao hauchagui wa kumwangukia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, basi na tujihadhari tusiwe sisi wa kuuweka. Panapotokea vipele chini ya rangi, pakwanguliwe na kupakwa upya kabla gari halijapakiwa tena.