Mashine za michezo zilizosahauliwa katika Ghuba

Wadi Kabir, bonde lililo jirani na Ruwi katika jiji la Muscat, linafahamika zaidi kwa karakana na vipuri vya magari kuliko kwa michezo ya watoto.

Hata hivyo, kwa miaka mingi soko lake la Ijumaa lilikuwa mahali pa kuuzia vitu vilivyokwisha kutumika, kuanzia magari hadi vyombo vya umeme vilivyochokwa na wenyewe.

Soko la namna hiyo ndilo kituo cha mwisho cha mashine nyingi za zamani za michezo ya video. Anayezipita huona plastiki iliyogeuka rangi ya manjano na waya uliokatika.

Baadhi yake zinastahili kuangaliwa tena, na si kwa ajili ya bei pekee. Michezo na programu zilizotengenezwa kwa ajili yake ni vigumu kuzipata kwingineko.

Historia ya michezo ya video huandikwa kwa kawaida kwa kufuata mauzo ya Japan, Marekani na Ulaya Magharibi. Mashine iliyouzwa sana huko huitwa bora, na iliyoshindwa huko huhesabiwa kuwa haikuwahi kuishi.

Kwa watu wa Ghuba, na kwa Waswahili walioishi nao au kuletewa mizigo kutoka kwao, kipimo hicho kinaacha nje mashine zilizokuwa sebuleni mwao.

Kompyuta iliyoitwa mwamba

Mfano mkubwa ni Sakhr, neno ambalo kwa Kiarabu maana yake ni mwamba.

Ilianzishwa mwaka 1982 na mfanyabiashara wa Kuwait, Mohammed Al-Sharekh, chini ya kampuni yake ya Al Alamiah. Alitaka kompyuta isome na kuandika Kiarabu, lugha inayokwenda kutoka kulia kwenda kushoto, na ambayo herufi zake hubadilika umbo kulingana na mahali zilipo katika neno.

Badala ya kubuni mashine mpya kabisa, kampuni hiyo ilijiunga na mpango wa MSX, uliotangazwa nchini Japan mwaka 1983 na Kazuhiko Nishi wa kampuni ya ASCII kwa ushirikiano na Microsoft.

Fikra ya MSX ilikuwa nyepesi kueleza: kila kampuni itengeneze kompyuta yake, lakini programu iliyoandikwa kwa moja ifanye kazi katika zote. Leo jambo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule, kaseti ya mashine moja ilikuwa takataka mbele ya mashine ya jirani.

Kampuni za Yamaha, Sanyo na Daewoo zilitengeneza kompyuta zilizouzwa kwa jina la Sakhr. Kibodi yake ilikuwa na herufi za Kiarabu na za Kilatini, na juu yake palikuwa na tundu la kuchomeka katriji, ile ambayo wachezaji wengi wa Afrika Mashariki waliizoea kwa jina la kaseti.

Nchini Marekani MSX haikupata soko. Nchini Uingereza ilizidiwa nguvu na ZX Spectrum na Commodore 64. Ndiyo maana maandishi mengi ya Kiingereza huitaja kwa sentensi mbili kisha huendelea na safari.

Lakini katika nchi za Kiarabu, Japan, Brazil, Uholanzi, Hispania na Korea Kusini, MSX ilikuwa mashine ya nyumbani inayojulikana vyema. Katika Umoja wa Kisovieti, kompyuta za MSX zilizotengenezwa na Yamaha zilifika hadi madarasani.

Konami na penguini

Maktaba ya michezo ya MSX ni pana kuliko wengi wanavyodhani, na sehemu yake bora ilitoka kwa kampuni ya Konami ya Japan.

Mwaka 1986 Konami ilitoa Penguin Adventure, mchezo wa penguini anayesafiri mbali kutafuta tufaha la kumponya binti wa kifalme. Kwa nje ni mchezo wa kitoto. Ndani yake mna maduka, njia za mkato na miisho miwili, mmoja wa furaha na mmoja wa msiba, na mwisho anaoupata mchezaji hutegemea idadi ya mara alizousimamisha mchezo njiani.

Miongoni mwa walioshiriki kuutengeneza alikuwa kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kazini, Hideo Kojima. Mwaka uliofuata, 1987, alitoa mchezo wake mwenyewe, Metal Gear, kwa ajili ya MSX2, kizazi cha pili cha kompyuta hizo.

Kilichofuata kinaeleza vizuri jinsi historia inavyopinda. Metal Gear ulihamishiwa kwenye mashine ya Nintendo na watu wengine, bila ya Kojima, na kifaru chenye jina la mchezo wenyewe kikaondolewa. Wachezaji wengi wa Marekani waliujua mchezo huo uliopunguzwa, wakaamini kwamba ndio wa asili.

Mwenye MSX2 huko Ghuba alikuwa na uwezo wa kuucheza ule wa kweli. Si kila Sakhr iliweza, kwani zile zilizoenea, kama AX-170, zilikuwa za kizazi cha kwanza.

Programu za Kiarabu

Kando ya michezo ya Kijapani, Sakhr ilitoa programu zake yenyewe: mafunzo ya hesabu na ya lugha, programu ya Qur'ani Tukufu, na lugha ya BASIC ambayo mtoto aliweza kuiandikia amri kwa Kiarabu.

Kwa Oman, jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee.

Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwezi Julai mwaka 1970, Waomani waliokuwa ng'ambo walitakiwa warejee kuijenga nchi. Wengi walitoka Zanzibar, ambako mapinduzi ya Januari 1964 yalikuwa yamewatawanya, na wengine walitoka bara ya Afrika Mashariki. Walirudi na elimu, na walirudi na Kiswahili. Wapo waliokuwa wakikimudu Kiswahili au Kiingereza kuliko Kiarabu.

Katika nyumba ya aina hiyo, mtoto alisikia Kiswahili kwa bibi na kufundishwa kwa Kiarabu shuleni. Mashine iliyomrudishia neno la Kiarabu bila ya kumcheka alipokosea haikuwa mchezo mtupu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Al Alamiah iliuza chombo ambacho hadi leo huwastaajabisha wakusanyaji: AX-990. Ndani ya gamba moja mlikuwa na kompyuta ya MSX ya Kiarabu na mashine ya michezo ya Sega Mega Drive. Mzazi aliyenunua kompyuta ya masomo alinunua na Sonic ndani yake, na haikosi yalizuka mabishano nyumbani kuhusu upande upi utumike baada ya magharibi.

Kufikia wakati huo mambo yalikuwa yameshaharibika. Iraq iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na Sakhr ikahamishia shughuli zake Cairo. Baadaye iliacha kuuza kompyuta, ikashughulika na programu za lugha ya Kiarabu. Al-Sharekh, aliyepewa Tuzo ya Mfalme Faisal mwaka 2021, alifariki dunia mwezi Machi mwaka 2024.

Mpaka televisheni ifike

Upande wa pili wa bahari, hadithi ilikuwa tofauti, na sababu yake kubwa ni televisheni.

Mashine hizi zilihitaji kioo cha kuonyeshea. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Tanzania Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994.

Kwa hiyo enzi nzima ya Atari 2600, iliyotoka mwaka 1977, iliwapita watoto wengi wa Bara bila ya wao kujua kwamba kulikuwa na kitu kinachopita.

Biashara ilipolegezwa nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za Dubai zilianza kujaa madukani. Mashine za michezo zilizofuata hazikuwa Nintendo halisi, bali nakala za Family Computer yake ya mwaka 1983, zilizotengenezwa Asia ya Mashariki bila ya idhini. Kaseti zake zilijigamba kuwa na michezo maelfu kwa maelfu. Aliyekuwa na subira ya kuihesabu aligundua kuwa ni michezo michache inayojirudia, mmoja ukianzia hatua ya pili, mwingine ukianzia ya tatu.

Nakala hizo hudharauliwa. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, dharau hiyo haina msingi: bila ya hizo, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki isingeiona maktaba ya Nintendo kabisa.

Kuna jambo jingine lililoziunganisha pande mbili za bahari. Oman, Kenya na Tanzania zote zilitumia mfumo wa televisheni wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde, ilhali Japan na Marekani zilikuwa na 60. Michezo mingi haikurekebishwa. Katika Mega Drive ya PAL, Sonic wa mwaka 1991 alikimbia polepole zaidi, na muziki wake ukavuta. Watoto wa Muscat na wa Mombasa waliokuwa na mashine za aina hiyo waliujua Sonic mmoja, wa Tokyo wakaujua mwingine.

Betri moja

Iwapo ipo mashine ambayo ingeifaa Afrika Mashariki na haikuletwa, ni WonderSwan.

Ilitolewa na Bandai mwezi Machi mwaka 1999 na ilibuniwa na Gunpei Yokoi, yule aliyeipa Nintendo Game Boy. Yokoi aliuawa katika ajali ya barabarani mwezi Oktoba 1997, kabla ya kuiona ikiuzwa.

WonderSwan haikuhitaji televisheni wala umeme wa gridi. Betri moja ndogo ya tochi iliiendesha kwa takriban saa 30. Ungeweza kuishika wima au kuilaza, kutegemea mchezo. Game Boy ya kwanza ilidai betri nne.

Bandai iliiuza rasmi nchini Japan tu, na michezo yake mingi imebaki katika Kijapani. Mtoto wa Tabora au wa Bukavu, ambako umeme hukatika bila ya taarifa, hakuwahi kusikia jina lake.

Lakini maktaba inaweza kupuuzwa hata pale mashine inapojulikana na kila mtu. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya mashine milioni 150, iliingia katika vibanda vya michezo kuanzia Kariakoo hadi Eastleigh. Ilikuwa na michezo kwa maelfu. Vibandani, mteja alilipia mechi ya mpira, na mwenye kibanda hakuwa na sababu ya kuweka diski nyingine. Ico ya mwaka 2001 na Okami ya mwaka 2006 zilibaki ngeni kwa wengi walioishika padi ya mashine hiyo kila siku.

Kinachopotea

Mwaka 2023, shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo haiuzwi tena kwa njia yoyote halali. Hiyo ni nchi yenye majumba ya makumbusho na wanasheria wa kulipigania jambo hilo.

Kwa programu za Kiarabu za Sakhr, kazi ya kunakili na kuhifadhi imefanywa zaidi na watu binafsi, kwa mapenzi yao. Programu kama openMSX huiwezesha kompyuta ya kisasa kujifanya MSX, lakini haiwezi kuendesha kile ambacho hakuna aliyekinakili.

Inashangaza kidogo, kwani Al-Sharekh mwenyewe alitumia miaka yake ya mwisho kuyaweka kwenye intaneti majarida ya zamani ya utamaduni wa Kiarabu, yasomwe bure.

Aliye na mashine kama hizi kabatini, iwe Wadi Kabir au Ng'ambo ya Unguja, asiharakishe kuichomeka ukutani. Iliyonunuliwa Japan imetengenezwa kwa volti 100, na umeme wa volti 240 utaiunguza mara moja. Iliyonunuliwa Oman itakubaliana na umeme wa Tanzania au Kenya, lakini kapasita zake zimezeeka na huenda zimevuja. Fundi redio mzoefu anaweza kuzibadilisha kwa gharama ndogo. Betri iliyo ndani ya baadhi ya kaseti, inayotunza kumbukumbu za mchezaji, nayo ina mwisho wake.

Zaidi ya hayo, zitazamwe kanda za kawaida za redio zilizohifadhiwa pamoja na kompyuta. Sakhr iliweza kuhifadhi programu katika kanda zilezile zilizotumika kwa taarabu, na mtoto aliyejiandikia mchezo wake kwa BASIC aliutunza humo. Programu ya Konami ina nakala nyingi duniani. Ya mtoto huyo ina moja.

Kanda hiyo ikiwekwa katika redio, haitoi wimbo bali mlio mkali wa kukwaruza, na wengi huidhani imeharibika wakarekodi kitu kingine juu yake. Mlio huo ndio programu yenyewe. Unaweza kurekodiwa katika kompyuta ya leo kama sauti nyingine yoyote.