Shifu wa kung-fu, shifu wa sufuria

Vijana wa kwetu wanapenda kung-fu. Wengi wameijua kwa filamu za Bruce Lee, wengine wanajifunza kwa mwalimu. Lakini ni wangapi wanajua ya kwamba kwa Kichina neno «shifu», ambalo mwanafunzi anamwitia mwalimu wake, ni lile lile watu wanamwitia mupishi? Na kung-fu yenyewe si kupigana tu. Maana yake ya zamani ni ufundi unaopatikana kwa kazi na kwa wakati.

Shaolin ni nyumba ya watawa wa Buda katika jimbo la Henan, tangu mwaka 495. Jiwe moja la pale, lililoandikwa mwaka 1517, linasimulia juu ya waasi wenye vilemba vyekundu walioishambulia. Nani aliwafukuza? Mutumishi wa jiko, na silaha yake ilikuwa fimbo ya kuchochea moto! Ni hadithi tu, lakini inaonyesha ya kwamba kule kazi ya jiko si haya kwa mwanaume. Kwa desturi ya zamani, mwanafunzi aliyekaa kwa shifu alifagia, alichota maji, alikata mboga.

Kukata ndiyo siri ya kwanza. Mboga na nyama zinakatwa vidogo vidogo, tena sawasawa, mbele ya kuwasha moto. Hivi chakula kinaiva kwa dakika chache, na makala hayaishi bure.

Tujaribu chakula kimoja ambacho jamaa nyingi za China zinapika nyumbani: mayai na tomati.

Kwa watu wane, piga mayai 6 na chumvi kidogo. Kata tomati 4 zilizoiva na puaro moja. Pasha mafuta meupe mpaka yawe moto sana. Mawese yatageuza ladha. Mwanga mayai, geuza pole pole, toa yangali laini. Ndani ya sufuria ile ile tia puaro, kisha tomati, chumvi, na nusu kijiko cha sukari ya kupunguza ukali. Tomati zikitoa maji, rudisha mayai, changanya mara moja, epua. Kula na wali. Wachina wengine wanaongeza mchuzi wa soya. Ukikosa, chumvi inatosha.

Ninyi vijana munaokaa kwenye machimbo, mbali na mama na dada: feza ngapi za zahabu yenu zinaishia kwa wauzaji wa chakula? Mwenye kujua kupika anakula vizuri na anabakiza kitu cha kutuma nyumbani.

Na ninyi wazazi, musiwafukuze watoto wanaume jikoni. Mara ya kwanza mayai yataungua. Muwaache warudilie. Mateke nayo hayakujulikana kwa siku moja.