Mama, Mungu kawasha taa!

Wageni wengi wakifika Ujiji huulizia pale walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Wataonyeshwa mwembe, watapiga picha, wataondoka zao. Ukija kwangu mimi nitakukalisha kibarazani baada ya magharibi, nikuonyeshe taa.

Taa zenyewe ni za wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza wanaziwasha juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinawazoa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Ukiwa nchi kavu utadhani kuna mji mwingine katikati ya Ziwa Tanganyika. Kijana wangu alipokuwa na miaka 4 alikuwa anazihesabu kila jioni: moja, mbili, tatu, tano. Nne kwake haimo kabisa!

Basi mwaka 2024 ziwa likafungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Sababu tuliielewa, maana hata sisi wa mwaloni tulikuwa tunaona dagaa wanavyopungua. Lakini mwenzangu, sababu haipikwi. Baba watoto ni mvuvi, mimi naanika dagaa na kuuza. Riziki zetu mbili zilisimama siku moja! Mwenzangu akaenda kutafuta vibarua vya kufyatua matofali, mimi nikabaki na watoto wawili na hasira zangu.

Nasema kweli, nilikuwa mkali kama pilipili. Watoto wakicheka, nawafokea. Wakiniita, nawaambia niacheni. Sala nasali, lakini moyo uko kwenye deni la dukani.

Jioni moja kijana akakaa kibarazani, akatazama ziwa, giza tupu. Akaniuliza, "Mama, nani kazima taa?" Nikamjibu kwa mkato kwamba wavuvi wamepumzika. Akafikiri kidogo, akainua viganja kama alivyomwona bibi yake akifanya: "Mungu, washa taa. Na biskuti." Akajipangusa uso, akaenda kulala. Hana wasiwasi hata kidogo! Mimi mtu mzima nilikesha.

Kesho yake nikamkuta uani na mdogo wake, wamejaza maji kwenye karai. Vizibo ndiyo mitumbwi, majani ya mwembe ndiyo dagaa. Wamepanga mafungu chini, wananiita, "Mama, karibu dagaa wa Kigoma, fungu mia mbili!" Nilitaka kufoka, nikajikuta nimechuchumaa. Nikaomba nipunguziwe. Mdogo mtu akakataa katakata, akataka mawe mawili taslimu. Mbavu sina! Ndiyo kicheko changu cha kwanza tangu ziwa lifungwe.

Usiku tukala ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa mawese. Kijana akaleta jani lake moja: "Mama, dagaa wako huyu, umesahau kumpika." Nikaliweka pembeni ya sahani yangu. Nikasema Alhamdulillahi, na safari hii ilitoka moyoni. Deni la dukani lilikuwa pale pale, lakini watoto walikuwa wamekula, wazima, wananicheka.

Agosti 15 ikafika, nikadhani taa zitarudi usiku ule ule. Kumbe mwezi nao ulikuwa unakaribia kujaa! Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa vizuri, na mtumbwi wa baba watoto haukutoka. Ikabidi tungoje tena. Miezi mitatu nyuma ningelia. Safari hii nilikaa kibarazani na wanangu, tukautazama mwezi, tukala karanga.

Mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka, baba watoto akabeba koti lake akaenda ziwani. Magharibi ilipopita, kijana akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Mama, Mungu kawasha taa! Moja, mbili, tatu, tano!"

Sikumsahihisha. Nne atafundishwa shule. Habari ya nani anayewasha taa, mwalimu ni yeye.

Msomaji mwenzangu mwenye watoto, najua una yako yanayokukosesha usingizi. Leo jioni wakikuita kununua dagaa wa majani, usiseme una kazi. Chuchumaa, lipa mawe yako, upokee chenji. Biskuti je? Nilimnunulia kwa hela ya dagaa wa kwanza.