Je, Wajua? Damu Inayovuja Ubongoni mwa Mtoto Njiti

Je, wajua kuwa mtoto njiti anaweza kuvuja damu ubongoni bila kuangushwa, bila kugongwa, bila mama yake kukosea lolote? Chanzo ni uchanga wenyewe. Kando ya vyumba vya majimaji vilivyo katikati ya ubongo kuna tabaka la muda linalozalisha seli changa za ubongo. Limejaa mishipa myembamba mno yenye kuta dhaifu, na hunywea lenyewe mimba inapokaribia wiki ya 34. Mtoto anayezaliwa katika wiki ya 26 au 28 anatoka nalo likiwa bado nene.

Je, wajua kuwa karibu nusu ya uvujaji huo hutokea siku ya kwanza, na sehemu kubwa ndani ya saa 72? Kinga ya kweli, kwa hiyo, huanza kabla mtoto hajazaliwa.

Je, wajua kuwa wengi hawaoneshi dalili yoyote? Daktari huweka kifaa cha ultrasaundi juu ya utosi, pale ambapo mfupa haujafunga, akaona ndani ya kichwa bila kumuumiza mtoto. Tangu 1978 madaktari hupanga uvujaji katika ngazi 4, kwa mpangilio wa Lu-Ann Papile wa Marekani. Ngazi ya 1 na ya 2 mara nyingi huisha salama. Ngazi ya 3 na ya 4 ndizo zinazoweza kuleta kichwa kikubwa, ulemavu wa viungo au kifo.

Je, wajua kuwa njiti wa kilo 1 ana damu ya mililita 90 hivi mwilini mwake mwote? Haijazi hata kikombe cha chai.

Sasa swali ambalo kila mzazi angeuliza: kama damu inavuja, si wampe mtoto dawa ya kuigandisha? Ni swali zuri, na madaktari wamelifanyia kazi kwa miaka mingi. Majibu yao yamekuwa magumu kuliko walivyotarajia.

Je, wajua kuwa vitamini K iligunduliwa kwa kuku? Henrik Dam wa Denmark aliona vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta wakitokwa damu ovyo, na mwaka 1943 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Doisy. Sindano ya vitamini K anayochomwa mtoto pajani baada ya kuzaliwa humkinga dhidi ya ugonjwa wa kutokwa damu wa watoto wachanga. Mzazi asiikatae kamwe. Lakini kumpa mama vitamini K kabla ya kujifungua hakujathibitika kuzuia damu ya ubongoni kwa njiti.

Je, wajua kuwa plazma nayo ilijaribiwa? Kaskazini mwa Uingereza, watoto 776 waliozaliwa kabla ya wiki ya 32 waligawanywa makundi, baadhi wakapewa plazma yenye vigandishi vya damu mapema baada ya kuzaliwa. Matokeo yalitolewa 1996. Walipofikia miaka 2, vifo na ulemavu havikutofautiana.

Je, wajua kuwa kuongezewa chembe sahani, zile zinazoziba majeraha, kunaweza hata kudhuru? Utafiti wa watoto 660 nchini Uingereza, Ireland na Uholanzi, uliochapishwa 2019, ulilinganisha makundi mawili. Kundi moja liliongezewa chembe sahani zikishuka chini ya 50,000 kwa kila mikrolita, jingine zikishuka chini ya 25,000. Waliofariki au kuvuja damu nyingi walikuwa asilimia 26 katika kundi la kwanza na 19 katika la pili. Waliopewa haraka zaidi ndio walioumia zaidi. Hospitali nyingi zilibadili utaratibu wao baada ya hapo, na zilifanya vyema.

Sababu yake inaeleweka ukiutazama mshipa. Mara nyingi tatizo kubwa si damu kukosa kuganda. Ni ukuta mwembamba unaopigwa na mawimbi ya shinikizo la damu, linalopanda na kushuka ghafla.

Je, wajua kuwa kukamua kitovu kuelekea kwa mtoto ni hatari kwa njiti wadogo sana? Utafiti uliochapishwa 2019 ulikuta uvujaji mkubwa kwa asilimia 22 ya watoto wa wiki 23 hadi 27 waliokamuliwa, na asilimia 6 kwa wale ambao kitovu chao kilisubiriwa tu kabla ya kufungwa. Subira ya dakika moja, basi.

Je, wajua kuwa muuguzi anayejua kazi hainui miguu ya njiti juu anapombadilisha nepi? Humgeuza ubavu taratibu, kichwa na kiwiliwili pamoja, akaipitisha nepi chini yake. Miguu ikiinuliwa, damu hukimbilia kichwani. Kwa saa 72 za kwanza kichwa hulazwa katikati, maji ya dripu huingia polepole, na mtoto haguswiguswi bila sababu.

Na je, wajua kuwa kinga bora kuliko zote huchomwa mama? Ni ile sindano ya kukomaza mapafu. Graham Liggins wa New Zealand aliianzia kwa kondoo, na mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo ya akina mama. Mbali na mapafu, hupunguza uvujaji ubongoni kwa zaidi ya theluthi moja. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2020, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi 5 zilizoshiriki, ulionesha kuwa kwa kila akina mama 25 waliochomwa deksamethasoni, dawa mojawapo ya sindano hiyo, mtoto mmoja zaidi aliokolewa. Dozi kamili ni sindano 4 za miligramu 6, kila baada ya saa 12.

Kwa hiyo mama mjamzito, ukisikia uchungu, ukiona damu au chupa ikipasuka kabla ya wiki ya 34, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali yenye huduma ya watoto njiti, beba kadi yako ya kliniki inayoonesha umri wa mimba, na uulize kuhusu sindano hiyo.