Sauti ya pikapu yetu: tulivyofunga bafle kwa pesa kidogo



Wengi wenu mlituona mwaka jana tukipita Luberizi na ile pikapu kuukuu, muziki ukitetemesha mabati ya nyumba. Watoto walikimbia nyuma yetu, nasi tukajiona tumefanya kazi. Lakini baada ya siku ya chanjo ya surua, wamama wengine walifika kesho yake, watoto mgongoni, wakakuta wauguzi wamekwisha kuondoka. Tulipowauliza kwa nini wamechelewa, walijibu: "Muziki tuliusikia. Siku hatukuisikia."

Jibu hilo lilituuma. Mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 katika nchi yetu uliua zaidi ya watu 6,000, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mama anayekosa siku ya chanjo anarudi nyumbani na mtoto asiye na kinga. Kwa hiyo tulikaa chini, tukajiuliza tulikosea wapi.

Kosa la kwanza lilikuwa la kununua. Tulitoa dola 90 katika kisanduku cha akiba, tukanunua sanduku kubwa la besi na ampli iliyoandikwa wati 1000. Hesabu ya darasa la sita ingetuokoa. Batri ya gari ni volti 12. Ukigawa wati 1000 kwa 12, unapata karibu ampea 83. Alternata ya pikapu ya zamani kama yetu haiwezi kutoa umeme huo, na taa na injini vinahitaji sehemu yao pia. Basi ama maandishi yale yalikuwa ya uongo, ama batri ingekufa njiani. Tena, besi ni nzuri kwa ngoma, lakini maneno ya mtu hayakai huko. Sehemu inayotufanya tutofautishe "Jumatano" na "Jumamosi" iko juu zaidi, na sanduku la besi haliitoi vizuri.

Kosa la pili lilikuwa la hatari. Aliyetufungia vyombo alitumia waya mwembamba kama wa redio ndogo, akaupitisha chini ya kiti bila fuzibule. Siku moja, tukielekea Sange, mama aliyekaa mbele na mtoto wake alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Papa shofere alisimamisha gari, akachomoa waya wa batri. Nyuma kulikuwa na bidoni ya esansi. Hakuna mtu wa bonde hili anayehitaji kuelezwa zaidi. Tarehe 2 Julai 2010, pale pale Sange, kamio ya esansi ilianguka ikalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Siku ile tulirudi nyumbani kimya, bila muziki.

Sanduku tuliliuza kwa dola 50. Hasara ya dola 40 tuliiandika katika daftari, ili wanaotufuata waione. Kisha tulianza upya, na safari hii tulianzia kwenye batri.

Waya na fuzibule kwanza. Tulichukua waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, moja kwa moja kutoka batri. Fuzibule ya ampea 10 tuliiweka karibu kabisa na batri, umbali usiofika shubiri moja. Kazi yake ni kukata umeme kabla waya haujapata moto. Ukiiweka mbali, karibu na ampli, kipande chote cha waya kinachotoka batri kinabaki bila mlinzi. Fuzibule ikiungua, usiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake. Tafuta kwanza sababu. Kila mahali waya unapopita kwenye tundu la chuma, tulivalisha kipande cha mpira wa baiskeli ili chuma kisiukwaruze.

Waya wa masi. Huu ni ule unaofungwa kwenye chuma cha gari. Pikapu ya zamani ina kutu na rangi juu ya rangi. Fundi alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa bulonga. Kama unasikia mlio kama wa mbu unaopanda injini ikikimbia, angalia kwanza hapo.

Bafle za tarumbeta. Hizi ndizo mnazoziona juu ya misikiti na makanisa. Kwa wati moja tu, tarumbeta hutoa sauti ya maneno kubwa kuliko bafle ya kawaida iliyopewa wati kumi. Tulinunua mbili za mtumba, za omu 8 kila moja. Zikifungwa sambamba huwa omu 4, kwa hiyo tulihakikisha kwamba ampli inakubali omu 4. Moja inatazama mbele, nyingine nyuma, zote juu ya kabine, zimeinama kidogo kuelekea watu.

Ampli ndogo. Ya wati 60, yenye mikro na mahali pa kuchomeka flashi. Sauti ikiwa juu hutumia ampea tano hadi nane, na batri nzima inaibeba.

Gharama ilikuwa hivi: bafle mbili dola 24, ampli na mikro dola 30, waya dola 9, fuzibule na kikasha chake dola 3, fundi dola 8. Jumla dola 74. Kama tungeanza vizuri, tungebakiwa na dola 16 za zile 90 za kwanza.

Kuna mambo ambayo pesa hainunui. Injini ikiwa imezimwa, hatusemi zaidi ya nusu saa, la sivyo tutasukuma gari. Mtoto hakai nyuma ya pikapu tarumbeta zikilia, kwa sababu sikio lililoharibiwa na makelele halirudi kama lilivyokuwa. Mbele ya kituo cha afya tunanyamaza. Bidoni ya esansi haipandi tena gari hilo.

Na namna ya kusema pia ni kazi. Sisi tulio walimu tulizoea kusema mengi. Sasa gari linasimama, injini inanguruma polepole, na mama mmoja anasoma sentensi tatu tu: nini, siku gani, wapi. Anazisoma mara mbili kwa Kiswahili, kisha kwa Kifuliiru na Kirundi. Muziki ni wa kuita watu tu, tena kwa muda mfupi. Kabla ya kuondoka, tunamwomba mama aliye mbali zaidi aturudishie ujumbe. Akikosea siku, tunarudia.

Katika tangazo la mwisho la chanjo, wamama waliokuwa shambani kwenye mpunga, ng'ambo ya mfereji, ndio waliotujibu. Mmoja alipiga kelele: "Alhamisi, asubuhi, kwenye kituo!" Alhamisi hiyo walikuja na matope miguuni, na wauguzi walikuwa bado wapo.

Vikundi vya wamama vinavyotaka kufunga vyombo kama hivi vije kutuona baada ya mkutano wa wiki. Tutafungua boneti, tutawaonyesha kila waya, na daftari la hesabu litakuwa mezani, pamoja na ile hasara ya dola 40.